Chui Aliyepangiwa Kijiji cha Mbuzi

Kazi yangu yote ilikuwa kupeleka walimu. Ninyi vijana mlioingia ofisini juzi mlinikuta nimekaa karibu na dirisha nikigonga mihuri, na labda mlidhani nilizaliwa pale. Kabla ya kiti kulikuwa na baiskeli, na kabla ya baiskeli kulikuwa na kasia. Mwezi uliopita mlinifanyia chai ya kuniaga, mkaniomba niseme neno. Nikasimama, nikakaa. Mdomo wangu ni mzito mbele ya watu tangu ujana, na uzee haukuupunguza.

Basi neno lenyewe nimeamua kuliandika. Ninaandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la sita, na nusu yake niliisoma ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ambako baba alikuwa akivua. Ndiyo maana Kiswahili hunijia mkononi kabla ya Kibemba. Vyeo sitavitaja. Mshahara nao sitautaja. Ulikuwa mdogo na umekwisha.

Niliingia kazini miaka ya hamsini, wakati wa Waingereza, ofisi ya elimu ya hapa Nchelenge ilipokuwa chumba kimoja na veranda. Ndani alikaa mzungu ambaye kila mtu alimwita Bwana Elimu, hata mbele yake. Nje walikaa matarishi wawili: mkubwa alikuwa Tata Musonda (tata ni baba kwa Kibemba), na mdogo mimi. Siku ya kwanza nilifika na shati la kuazima ambalo mikono yake ilinipita vidole. Tata Musonda alinitazama kwanza miguu, kisha mabega, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Uko na jina?"

Nikalitaja.

"Sikusikia. Sema na mimi, usiseme na kifungo cha shati."

Nikalitaja tena. Akasema, "Muzuri. Kelele hauna, lakini mabega iko. Kazi hii inataka mabega. Kelele tutaazima kwa wengine."

Ukutani mwa Bwana Elimu kulikuwa na ramani ya ufuko wetu, tangu mto Luapula unapoingia ziwani hadi juu kuelekea Mununga, na kisiwa cha Kilwa katikati ya maji. Shule yenye mwalimu ilichomwa pini nyekundu, na shule inayongoja ilichomwa pini nyeupe. Nyeupe zilikuwa nyingi. Ziwa kwenye ramani lilikuwa la bluu na tulivu siku zote, na nadhani ndiyo sababu wakubwa waliokuja kutoka mbali walipenda sana kulisafiri kwa kidole.

Niwaeleze mpango ulivyokuwa, maana ninyi siku hizi mnapokea walimu wapya kwa lori zima mnalalamika kwamba hamna vitanda. Wakati ule vyuo vilikuwa vichache na vyote viko mbali. Kila mwisho wa mwaka vilitoa vijana wao, serikali ikawagawa kwa majimbo, majimbo yakawagawa kwa boma, na boma zikatukumbuka sisi tulio mwisho wa barabara. Mwaka mzuri tulipata wachache. Mwaka mbaya alishuka mmoja kwenye lori, naye anauliza lori linarudi lini.

Kwa hiyo serikali iliweka sharti. Kijiji kinachotaka mwalimu kijenge kwanza: darasa, nyumba ya mwalimu yenye mlango unaofungwa, na choo. Nyumba ikikamilika, kijiji kinaingia kwenye foleni. Bwana Elimu alikuwa mtu wa haki na foleni hakuivunja. Mzee mmoja wa kijiji alimletea bata ili asogezwe mbele. Bata aliliwa, na foleni ikabaki ilivyokuwa.

Shida ya pili ilikuwa kumshika mwalimu akishafika. Migodi ya shaba ilimtaka kijana yeyote anayejua kuandika. Wafanyabiashara wa samaki wa ng'ambo walimtaka pia. Mwalimu akikimbia, hakukuwa na mwingine wa akiba, na kijiji kilingoja hadi vyuo vitoe tena. Kikimpoteza na wa pili, Bwana Elimu aling'oa pini yake. Alikuwa na hoja: nyumba zilizokamilika zilikuwa nyingi kuliko walimu, na hakuona sababu ya kumwaga maji kwenye mtungi uliotoboka. Lakini pini iking'olewa, shule imekufa. Watoto wanarudi kwenye nyavu, na matofali ya darasa yanahamia kwenye jiko la mtu.

Kazi yetu matarishi ilikuwa katikati ya hayo yote. Tulikagua nyumba, tukapokea walimu kwenye lori, tukawafikisha, tukarudi na habari. Chombo changu cha kwanza kilikuwa kamba yenye mafundo ambayo Tata Musonda alinikatia mwenyewe: fundo la mlango, fundo la dirisha, na fundo la umbali kati ya choo na nyumba. Wazee wa vijiji waliichukia kamba ile. Mmoja aliniambia kwamba amezaa watoto wengi ndani ya nyumba isiyopimwa na wote wana vichwa.

Na alinifundisha namna ya kumfikisha mtu. "Mwalimu mupya usimwambie njia iko mbali," alisema. "Mwambie tu, tutafika. Akiuliza tena, mwambie tena. Halafu utembee nyuma yake, hapana mbele. Ukitembea mbele, anaona mugongo yako mupaka jioni, anafikiri ya nyumbani. Ukiwa nyuma, anajisikia mukubwa." Na neno la tatu: fika asubuhi, wanawake hawajaenda mashambani na wanaume wametoka ziwani. Mwalimu anayefika kijiji kikiwa kitupu huona utupu huo hadi siku anayoondoka.

Kwa mafunzo hayo nilipeleka walimu wengi, na wengi walikaa. Waliokaa sina la kusema juu yao. Mtu aliyekaa hana hadithi. Nataka kuwaeleza juu ya mmoja ambaye karibu asikae.

Kisiwani Kilwa kulikuwa na kijiji kilichoongozwa na mwanamke, Mama Kaluba. Alikuwa mfupi, mkavu, na sauti yake ilivuka maji. Mwalimu wao wa kwanza alikwenda bara kuchukua chaki, na baadaye tulisikia kwamba chaki aliipata migodini. Walingoja mwaka mzima. Foleni ilipowafikia tena, Bwana Elimu aliniita akaweka kidole kwenye pini yao nyeupe.

"Huyu ni wa pili," alisema. "Akiondoka, naing'oa, na mwalimu anakwenda Mununga."

Alisema hivyo kwa sababu aliyefuata kwenye foleni alikuwa Tata Mwape, mkuu wa kijiji kimoja cha upande wa Mununga. Nyumba yake ilikuwa tayari, nzuri kuliko ya Bwana Elimu mwenyewe, na Tata Mwape alikuwa amehamia kwenye veranda yetu. Alikuja na mkeka wake. Kila mwalimu aliyeshuka kwenye lori alimsalimia kwa majina ya watoto wa kijiji chake.

Mwalimu mpya aliitwa Katongo. Alishuka na shati jeupe, tai, viatu vya kung'aa, na sanduku la bati lililopakwa rangi ya bluu. Baba yake alikuwa mtu wa ufuko huu, lakini alimpeleka mtoto mdogo kwenye migodi ya Katanga, na huko Katongo alilelewa na baba yake mdogo. Mama yake alikufa Katongo akiwa hajaanza kuota meno ya pili. Kibemba chake kilikuwa cha kubahatisha. Kiswahili cha migodini alikisema vizuri, na ndicho tulichosemezana kwenye mtumbwi, kila aliponiuliza kama ni mbali.

"Tutafika, mwalimu."

"Ulisema vile asubuhi."

"Hata sasa, mwalimu."

Tulilala kambi ya wavuvi, tukafika kisiwani asubuhi kama nilivyofundishwa. Kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Wanawake walipiga vigelegele, watoto waliingia majini na nguo zao kushika mtumbwi. Katongo alishuka kwa uangalifu, viatu mkononi, akavivaa kwenye mchanga. Mama Kaluba akamsogelea, akampa mikono miwili kwa heshima, akamuuliza swali ambalo kila mgeni huulizwa huku kwetu.

"Karibu, mwalimu. Uko mutu wa mukowa gani?"

Mukowa ni ukoo wa upande wa mama. Katongo alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko ambao hautumii.

"Wanasema mama alikuwa wa Ngo."

Ngo ni chui. Kisha Mama Kaluba akainua mikono juu akapiga ukelele.

"Batu! Chui ameingia mu mbuzi! Mukamate!"

Sijui kama nimeona kitu cha haraka kama kile. Wanawake walimzunguka, mmoja akavuta kamba ya wavu kutoka kwenye mtumbwi wangu mwenyewe, na kabla hajafunga mdomo Katongo alikuwa amefungwa mikono. Mwingine alimpaka majivu kwenye paji la uso. Vijana wawili walilibeba sanduku la bluu mbio.

"Munifungue!" Katongo alipiga kelele. "Mimi mwalimu wa serikali!"

"Tumesikia," alisema Mama Kaluba. "Chui wa serikali. Muangalie mukondefu hivi! Serikali imetutumia ngozi tupu, nyama imebaki ku boma."

Kijiji kilicheka hadi wengine wakakaa chini. Mimi nilisimama na kasia langu. Nilijua kinachotokea, na niliona usoni mwa Katongo kwamba yeye hajui.

Kijiji kile kilikuwa cha ukoo wa Mbuzi. Chui na Mbuzi ni banungwe, ndio tunaowaita watani kwa Kiswahili. Mbuzi akikutana na Chui humtukana, humnyang'anya kitu, humfunga, humcheka mbele ya wakwe zake, na Chui hufanya hivyo hivyo. Anayekasirika ameutia ukoo wake aibu. Na siku mmoja wao akifa, ni watani wake wanaochimba kaburi na kumlaza, maana wao peke yao wanaweza kumshika maiti bila kulia. Mtu hutafuta mtani kijiji kizima akampata mmoja mzee. Hawa walikuwa kijiji kizima, na Chui wao aliletwa mlangoni na serikali, amevaa tai. Furaha ile ilikuwa ya kweli.

Mama Kaluba alimfungua mwenyewe. Kisha akaenda mbele ya nyumba yake, akalikalia sanduku la bluu kama kiti, akaanza kupara samaki.

Katongo aliniambia nimrudishe saa ile ile. Nikamwambia siwezi. Mwalimu akishafikishwa, tarishi hana ruhusa ya kumrudisha. Lazima Bwana Elimu aseme, na Bwana Elimu atakuja kwa boti ya injini kabla ya shule kufunguliwa, katika ziara yake ya kila mwaka. Akakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mpya, akajifuta majivu kwa leso.

"Ni utani, mwalimu," nilisema. Ilinichukua muda kuyatoa maneno hayo.

"Utani wa kufunga mutu kamba?"

"Ndiyo. Ule hasa."

"Kule chuo walinifundisha kupanga darasa. Walinifundisha kufundisha hesabu na mawe. Sikufundishwa kufungwa kama mbuzi."

"Mbuzi ni wao, mwalimu. Wewe ni chui."

Hakucheka. Akasema, "Waombe musamaha mbele ya Bwana Elimu. Wakiomba, ninabaki. Wakikataa, ninapanda boti."

Hilo nililipeleka kwa Mama Kaluba. Aliacha kupara samaki, kisu hewani.

"Musamaha?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Sikia, mutoto wangu. Mbuzi akiomba Chui musamaha, ni kusema ile kamba ilikuwa ya kweli. Basi tumefunga mutu kweli. Basi tuko na kesi naye, na mukowa yake yote, na wakati tunakufa nani anatuzika? Hapana. Nikimuomba, ninamufanya mugeni."

"Mama, akienda, pini inang'olewa."

Alikuwa anajua habari ya pini. Kila kijiji kilijua. Alitazama upande wa darasa, ambalo wanaume walikuwa wamelipaka chokaa upya kwa ajili ya mtu huyu. Wajukuu zake wanne walikuwa wa kusoma mle. Kisu kikarudi kwenye samaki.

"Umwambie ni mubaya, ananuka wino, na chakula yake iko njiani."

Nilibaki kisiwani kumngoja Bwana Elimu. Mlango wa Katongo haukupumzika. Mwanamke mmoja alileta bukari, yaani ugali wa mihogo, na samaki wa jamii ya perege aliyechomwa vizuri, akasema amekula kwanza sehemu nzuri. Mwingine alileta maji ya kuoga, akasema chui huogopa maji, kwa hiyo atasimama aone. Kuni zililetwa na mzee aliyemwambia azipange mwenyewe kama kweli mikono yake ni mikono. Walipanga wao. Nyumba iliyokuwa na kuta tu ikapata mkeka, mtungi, kinu, na kuku ambaye walisema amefukuzwa kwao kwa uvivu. Katongo alipokea kila kitu kwa "asante" ya mtu aliye kituo cha polisi. Lakini nilimwona ameanza kutazama nani anakuja.

Mchana mmoja alikuja Mama Kaluba mwenyewe na sahani. Mimi nilikuwa nikikaza bawaba ya mlango. Alianza kama kawaida.

"Bado hujafa? Tulisikia kimya, tukafurahi."

Mama akaweka sahani chini, akauliza kwa sauti nyingine, "Mama yako alizikwa wapi?"

"Kule migodini."

"Nani alichimba?"

"Batu ba kampani."

"Hapakuwa na Mbuzi hata mumoja? Mutu wa kumutukana mu kaburi, acheke mara ya mwisho?"

"Hapakuwa, mama. Walivaa gilavu mu mikono. Walifanya haraka."

Mama Kaluba aligeuka akaenda zake, na ilikuwa mara ya kwanza kuondoka mlangoni pale bila tusi. Katongo alikula taratibu.

Boti ya Bwana Elimu ilifika siku iliyofuata. Watu walikusanyika mbele ya nyumba ya Mama Kaluba, na mezani pa mzungu nikasimama mimi, maana kutafsiri ilikuwa sehemu ya kazi na sehemu niliyoichukia. Katongo alieleza malalamiko yake kwa Kiingereza kizuri, mikono nyuma. Kufungwa, majivu, sanduku. Sanduku lenyewe lilikuwa pale, na Mama Kaluba amelikalia.

Bwana Elimu alisikiliza hadi mwisho, akanigeukia. "Mwambie huyu mama serikali ina walimu wachache sana. Haiwatoi ili wafungwe kamba. Aombe radhi sasa hivi, mbele ya watu hawa. La sivyo mwalimu anaondoka na mimi, na pini naing'oa leo."

Nilitafsiri kila neno. Nilisema na kifungo cha shati. Mama Kaluba akaniambia nirudie kwa sauti. Nikarudia, na safari hii walisikia wote, hata walio nyuma.

Niliona macho ya Mama Kaluba yakienda kwa watoto waliosimama kando ya darasa wamevaa nguo za Jumapili. Nilifikiri atainama. Akainuka kutoka kwenye sanduku, akamsogelea Katongo, akamtazama toka viatuni hadi kichwani.

"Chui gani wewe?" alisema. "Chui mwenye kukimbilia muzungu ili mbuzi wamuombe musamaha! Mama yako angekuona, angekunyonyesha upande mumoja tu!"

Hakuna aliyecheka.

"Ameomba radhi?" aliuliza Bwana Elimu.

Nikisema ndiyo, nimedanganya. Nikisema hapana, shule imekufa. "Bado anasema, Bwana," nilijibu, ingawa Mama Kaluba alikuwa amemaliza, na kila mtu aliona kwamba amemaliza.

Katongo alikuwa akitazama viatu vyake. Mabega yakaanza kumtikisika, nami nikadhani analia. Kisha akaondoka mahali alipokuwa, akampita Bwana Elimu, akampita mama mwenyewe, akaenda kwenye jiko la mama huyo. Chungu kilikuwa motoni. Akakishika masikio kwa ncha mbili za tai yake, akakiinua na samaki wake na mchuzi wake.

"Mama," alisema, sauti yake ikikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, "chui hali mbuzi muzee. Meno yanavunjika. Nitakula samaki yako."

Na akaanza kuondoka na chungu.

Sijui niwaelezeje kelele ile. "Mwizi!" alipiga kelele Mama Kaluba. "Batu, chui wa serikali ananiibia! Mukamate! Chungu yangu ya ndoa!" Alikuwa akilia machozi ya kicheko, ameshika kiuno. Wanawake walimkimbilia Katongo na yeye akakimbia, mchuzi ukimwagika kwenye viatu, tai ikiungua ncha, akiwatukana kwa Kibemba chake kibovu. Mzee wa kuni alisema Kibemba kile peke yake ni tusi tosha. Watoto wa Jumapili walikimbia nyuma ya wote.

Bwana Elimu alisimama. "Anafanya nini? Anaiba?"

"Hapana, Bwana. Anabaki."

"Na radhi?"

Nilitafuta Kiingereza changu chote. "Wamemaliza, Bwana."

Alimtazama mwalimu wake aliyesomeshwa kwa gharama ya serikali akizunguka darasa na chungu cha watu mikononi. Alimtazama Mama Kaluba, ambaye alikuwa amerudi kukaa kwenye sanduku kwa sababu miguu ilikuwa imemwishia. Hakuwa mtu mjinga. Akavaa kofia yake, akaniuliza kama kulikuwa na samaki mwingine, maana alikuwa ameahidiwa chakula cha mchana na chakula kimeondoka. Kulikuwa na mwingine. Shule ilifunguliwa siku iliyopangwa, na Katongo alibaki kisiwani hadi watoto aliowafundisha walipoanza kumletea watoto wao.

Tuliporudi Nchelenge, Bwana Elimu alichoma pini nyekundu kwenye kisiwa, akaniacha niende verandani. Tata Mwape alikuwa kwenye mkeka wake. Alisikia injini ya boti akatazama nani anashuka, na hakumwona kijana mwenye tai. Habari njema ya kisiwa ilikuwa habari mbaya kwake, na mtu wa kumpa alikuwa mimi. Nyumba yake nzuri ingelala tupu mwaka mwingine.

"Hakuna, tata," nilisema. "Amebaki."

"Nilisikia walimufunga kamba."

"Ndiyo, tata."

"Na hakukimbia?" Akafikiri. "Ni mutu wa mukowa gani?"

"Chui."

"Na kule kisiwani ni Mbuzi." Alitikisa kichwa polepole, akaanza kukunja mkeka. "Basi yule hatoki tena. Mungemupeleka kwangu, angekuwa migodini sasa." Alifunga mkeka kwa kamba, akauweka begani. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kukaa chini.

"Sikia, kapaso," alisema, maana ndivyo matarishi tulivyoitwa. "Sisi ni watu wa Uyoga. Mwaka wenye kuja ututafutie mutu wa Mvua, ndio banungwe wetu. Akikosekana, ulete ule mwenye atapatikana, tutamupokea. Lakini tutamuheshimu sana, na heshima mingi inafukuza mutu."

Akashika njia ya kaskazini. Mwaka uliofuata nilisimama mahali lori linaposimama, na vijana wapya waliposhuka na masanduku yao, jina sikuliuliza kwanza.